Aliyetia mahadhi naye atajwe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwasemee watu ambao kazi yao inasikika kila siku na majina yao hayasikiki. Nawakusudia watia mahadhi wa taarabu. Wimbo ukipigwa redioni, mwimbaji hutajwa. Mshairi naye hutajwa, pale mtangazaji anapobahatika kumjua. Lakini yule aliyekaa na harimoni au udi akayatafutia maneno sauti, akaamua wapi ipande, wapi ishuke na wapi mwimbaji avute pumzi, huyo hatajwi. Na mara nyingi kazi yake hupewa mwimbaji kwa neno moja tu, "mtunzi".

Kilichonisukuma kuandika ni kipindi cha taarabu cha stesheni moja ya hapa Mombasa. Ulipigwa wimbo wa bendi yetu, nami nimo ndani nikipiga tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vibonye. Ulipokwisha, mtangazaji, kijana mwenye adabu na sauti nzuri, akasema wimbo ule ni utunzi wake mwenyewe mwimbaji. Si kweli. Na mwimbaji, Mwenyezi Mungu amrehemu, angekuwa hai angekuwa wa kwanza kukataa, kwani alikuwa mtu wa insafu na hakupenda kupewa kisicho chake.

Nieleze ulivyopatikana, maana bila ya kueleza hilo dai langu halitafahamika.

Maneno yalitoka kwa mshairi mmoja wa Kuze. Bibi wa Kisauni alikuwa amedhulumiwa na shoga yake, jambo lenyewe si la kuandikwa gazetini, akamwendea mshairi akamweleza. Mshairi akaandika beti saba, mizani 16 kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na hakuna pahali palipotajwa mtu. Karatasi ikaletwa kwa mwenzetu mpiga harimoni. Huyu mchana alikuwa karani wa shehena bandarini Kilindini, na usiku, baada ya Isha, alikuwa fundi wa sauti katika chumba cha uani kwao Majengo.

Sisi wapigaji tulikuwa tukienda kumsikiza. Kwanza alilisoma shairi zima kwa sauti ya kawaida, akarudia na kurudia, harimoni haijaguswa. Akasema anatafuta pahali ambapo maneno yenyewe yanataka kupanda. Kisha akajaribu chakacha, mdundo wa ngoma ya wanawake, kwa sababu chakacha ndiyo iliyokuwa ikipendwa harusini. Mshairi alipokuja kusikiza akakataa palepale: "Hili ni shairi la kulia, bwana, nawe walitia mahadhi ya kuruka." Mwenzetu hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akaanza upya katika bayati, mojawapo ya mikondo ya sauti ya Kiarabu, polepole, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ukipanda na utao (nusu ya pili) ukishuka. Likabaki tatizo la mshororo wa tatu, uliokuwa na neno refu lililoangukia pale pumzi inapokatika. Kubadilisha neno la mtu hakutaka. Akaivuta silabi iliyotangulia mpaka ikajaza mapigo mawili zaidi, akatia kituo kifupi, na lile neno likaja kusimama peke yake baada ya kituo. Wanawake wanaoujua wimbo ule mpaka leo huinua mikono yao pale pale, kwenye kituo kile. Hawajui ni nani aliyekiweka.

Na si sauti ya mwimbaji peke yake. Mimi nilipewa jibu la tashkota: mwimbaji akimaliza utao, nirudie sauti zake nne za mwisho kwa haraka, kisha nimwachie fidla. Dumbaki iingie wapi, tari inyamaze wapi, muziki wa mwanzo uwe mrefu kiasi gani kabla mwimbaji hajafungua kinywa, yote aliyapanga yeye kwa mdomo na kwa kidole, kwani katika sisi hapakuwa na aliyejua kusoma noti. Mwimbaji alikuja mazoezini wimbo umekwisha kusimama. Akaupokea, akautia nakshi za koo lake, na kwa kweli akaupa uhai ambao sisi hatukuweza kuupa. Haki ya mwimbaji siigusi. Nasema tu kwamba alipewa wimbo na watu wawili, mmoja kwa kalamu na mmoja kwa harimoni.

Huyu wa harimoni tulimzika Kikowani. Watoto wake wanayo kanda ya wimbo ule, na juu ya kanda limeandikwa jina la mwimbaji, jina la bendi, basi.

Mshairi naye alipotea kwa njia yake, na hili nataka vijana wa redio walijue. Washairi wa pwani tangu zamani wana desturi ya kujitaja katika beti za mwisho: jina, ukoo, pengine na mtaa. Mtu aliyelisikia shairi mpaka tamati alimjua mwenyewe. Lakini zilipokuja sahani za santuri za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja uliingia muziki wa dakika tatu au nne hivi. Shairi la beti saba likaimbwa beti tatu au nne, na zilizoachwa ni za mwisho, zile zile zenye jina. Baadaye ikaja kanda ambayo ina nafasi tele, lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea wimbo mfupi, na zile beti hazikurudi.

Nitaambiwa kwamba wako washairi waliotaka wasijulikane. Nakubali, na niliwaona. Shairi la taarabu mara nyingi ni ujumbe wa mtu kwa mtu, na akijulikana aliyeandika atajulikana aliyemtuma, na akijulikana aliyemtuma kumevunjika nyumba. Sitiri hiyo iheshimiwe pale ambapo mwenyewe au watu wake wameitaka. Lakini sitiri ile ni ya maneno. Mahadhi hayana siri ya mtu yeyote. Sijapata kusikia fundi wa sauti aliyeomba jina lake lifichwe, wala sioni angekuwa na sababu gani.

Jambo jingine ni mahadhi ya Kihindi. Hapa lazima tuseme kweli yote. Mji huu ulijaa sinema, Regal, Majestic, Naaz, na watu wakitoka pale sauti za filamu wanazo mdomoni. Marehemu Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyetuachia pengo kubwa mwaka 2014, aliimba nyimbo nyingi kwa mahadhi ya filamu, na maneno yake mengi yakitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Hakuna aibu katika hilo. Kuyachukua mahadhi yaliyotengenezewa Kihindi ukayavika mizani ya Kiswahili yakakaa bila ya kuvunja vina ni kazi ya ustadi, na aliyedhani ni rahisi na ajaribu. Lakini katika nyimbo hizo mtia mahadhi yuko Bombay, ana jina, na jina lake lilioneshwa kwenye pazia la sinema kabla filamu haijaanza. Linatakiwa litajwe pamoja na la mshairi wa hapa.

Tena hao Wahindi tungejifunza kwao mengi. Filamu yao ilimtaja mwandishi wa nyimbo peke yake na mkurugenzi wa muziki peke yake. Aliyekuwa hatajwi mwanzoni ni mwimbaji. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, sahani ya wimbo wake mkubwa iliandikwa jina la mhusika wa hadithi, Kamini, na aliyeimba alikuwa Lata Mangeshkar. Wasikilizaji wakaisumbua redio kwa maswali mpaka jina lake likajulikana. Na redio ya taifa lao, All India Radio, ilikuwa na tabia ya kuwaacha washairi, mpaka mshairi Sahir Ludhianvi alipoishikilia, na ndipo ikaanza kuwataja. Kwa hiyo kule kila aliyesahauliwa alidai mwenyewe au wapenzi wake wakamdaia, na wote wakapata haki yao. Kwetu mwimbaji hakusahauliwa hata siku moja, kwa kuwa ndiye anayesimama mbele na ndiye anayetunzwa pesa harusini. Wa nyuma yake ndio tunaowadaia haki.

Sasa nifike kwenye karatasi za serikali na za ofisi, ambako usahaulifu huu unageuka hasara. Mtoto mmoja wa marehemu fundi wetu wa harimoni alikwenda katika ofisi moja kuandikisha nyimbo za baba yake. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Palikuwa na pahali pa "composer", na karani, kwa nia njema tu, akamfasiria kuwa ni mtunzi. Akamuuliza, baba yako ndiye aliyeandika maneno? Kijana akajibu kweli, akasema la. Basi karani akamwambia kuwa baba yake hakuwa mtunzi, alikuwa mpigaji, na wapigaji ni fomu nyingine. Kijana akarudi nyumbani.

Nililitafuta lile neno la Kiingereza katika kamusi kubwa maktabani, nione lina nini. Asili yake ni Kilatini, componere, kuweka vitu pamoja. Likapitia Kifaransa, na huko likachanganyika na kitenzi kingine cha Kilatini, pausare, ambacho maana yake ni kutua. Waingereza wamelitumia kwa mtu wa muziki tangu mwishoni mwa karne ya 16, na wanamkusudia aliyetengeneza sauti, hata kama maneno hakuandika hata moja. Kuweka pamoja na kutua: nilimwona mtu akiifanya kazi hiyo hasa, usiku, Majengo, kwa ajili ya mshororo wa tatu. Na ninyi watu wa magazeti, Mhariri, mlikuwa na ndugu wa neno hilohilo katika viwanda vyenu vya zamani. Fundi aliyepanga herufi za risasi moja moja kabla ukurasa haujapigwa chapa aliitwa "compositor". Maneno hayakuwa yake, na kila mtu alilijua hilo, wala hakuna aliyemwambia kwa hiyo kazi yake si kazi. Fomu ile kwa Kiswahili ingekuwa na pahali pawili, mshairi na mtia mahadhi, na karani asingekuwa na la kukosea.

Sheria yenyewe haina tatizo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaihesabu kazi ya muziki mbali na kazi ya maandishi, kwa hiyo wimbo mmoja waweza kuwa na wenyewe wawili. Inachotaka ni kazi iwe imeandikwa, au imerekodiwa, au imewekwa kwa namna yoyote ya kushikika. Kanda yatosha. Na mwenye kazi akifa, haki haifi naye: inaishi miaka 50 tangu kumalizika mwaka aliofariki. Hesabu wenyewe. Mtu aliyefariki mwaka 1990, haki yake inafika mwisho wa mwaka 2040. Warithi wake wako mjini humu, wengine wauza mahamri asubuhi, na wimbo wa baba yao unapigwa kwenye matatu, harusini na redioni.

Lakini sitaki ionekane kwamba ninazungumzia pesa tu. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita, alifariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake tunayo kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akamsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyahifadhi, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha. Watoto wetu wanayasoma shuleni. Mashairi yale hayakutungwa yasomwe kimya, yalikuwa ya kuimbwa. Mimi ningetoa kitu kikubwa kujua Muyaka akiimbwa vipi, sauti ikianzia wapi, ikitua wapi, na kitabu hakiwezi kuniambia. Kalamu ilimkuta mshairi. Mtia mahadhi haikumkuta. Sisi leo tuna vinasa sauti mifukoni mwetu, kila mtu na simu yake, na bado tunawaacha wazee wanaondoka na majina.

Kwamba jambo hili lawezekana, tunao ushahidi. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kufanya kazi yake miaka mingi hapa Mombasa mpaka alipotutoka mwaka 2016, aliimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany na ya washairi wa kale wa Lamu, na sauti akitia mwenyewe kwa udi wake. Ukimsikiliza unajua maneno ni ya nani na mahadhi ni ya nani, na hakuna kati yao aliyepungukiwa heshima. Na tazameni wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 walikaa watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, wakautengeneza kutokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Jina la mzee aliyewapa mahadhi yale, Meza Morowa Galana, limehifadhiwa na wanaoijua historia hiyo wanalitaja. Sauti tunayosimama wima kwa ajili yake, nchi nzima, ilitoka huku kwetu pwani. Ikiwa taifa liliweza kumkumbuka mzee wa kijijini aliyeleta mahadhi, stesheni ya FM hapa mjini haiwezi kushindwa kumkumbuka karani wa bandarini.

Ninaloomba ni hili. Mtangazaji anapoutaja wimbo wa taarabu, ataje mshairi, ataje aliyetia mahadhi, kisha amtaje mwimbaji. Majina matatu hayachukui muda mrefu kuliko tangazo la sabuni. Asipoyajua, aulize hewani. Saa za usiku wasikilizaji wa taarabu ni watu wazima, wanakumbuka, na mmoja hupiga simu. Jibu likipatikana liandikwe juu ya wimbo ule katika kompyuta ya stesheni ili mtangazaji wa kesho alikute, kwani mara nyingi jina hutajwa usiku mmoja na mgeni aliyealikwa studio, kisha likapotea tena. Na neno "mtunzi" peke yake waliache kwa mshairi, au kwa yule ambaye kweli alifanya yote mawili.

Kwa gazeti lako naomba hivyohivyo. Mnapoandika juu ya mwimbaji aliyefariki, mwandishi asiishie kwa jamaa wa marehemu. Amtafute mpiga fidla, amtafute mpiga harimoni, aulize nyimbo zilitoka kwa nani. Wapigaji tunajua. Tulikuwapo chumbani.

Na familia zenye kanda na madaftari ya mashairi, nawasihi wasingojee mtafiti atoke ng'ambo. Mkae na mzee wenu aliyebaki, mpigeni kanda asikie, na kila wimbo mwandike nyuma ya jalada: maneno ya fulani, mahadhi ya fulani, waliopiga ni fulani na fulani. Kama mahadhi yalitoka filamu ya Kihindi, andikeni jina la filamu. Kama mshairi aliomba sitiri, andikeni kwamba aliomba sitiri, ili asidhaniwe mwimbaji ndiye. Msiache kanda zikaliwa na ukungu chini ya kitanda. Unyevu wa mji huu hausubiri, na kanda ikishikana haifunguki tena.

Majina ya mshairi wa Kuze na fundi wa Majengo sikuyaandika hapa kwa kuwa watoto wao hawajanipa idhini ya kuyachapa. Wakikubaliana, nitayaleta, pamoja na orodha ya nyimbo walizozifanya pamoja kwa kadiri wapigaji wenzangu tunavyozikumbuka. Na wasomaji wako wa Lamu, Malindi, Mtwapa, Likoni na Vanga waliopiga katika bendi kabla ya vinanda vya umeme kuingia, nawaomba nao walete zao. Nianze na moja kwenu, wazee wa Likoni: zile nyimbo za vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, mlizozipeleka katika taarabu kwa tashkota na fidla, ni nani kati yenu aliyekuwa akizipangia sauti? Mlete jina lake kwa mhariri.

Wako,
Mpiga tashkota mstaafu,
Majengo, Mombasa